Miche 24 Iliyorukwa

Msikilizaji, kuna kosa moja la aljebra linalowatega wanafunzi wengi, Kitale hadi Bungoma. Mwanafunzi anakutana na mabano: ndani yake 3 kujumlisha 4, na nje kipeo cha 2. Anapiga 3 mara 3, anapata 9. Anapiga 4 mara 4, anapata 16. Anajumlisha: 25.

Amekosea.

Twende shambani. Mkulima wa Trans Nzoia amepanda sukuma wiki mistari 7, kila mstari miche 7. Hiyo ni miche 49, si 25! Ile 24 imekwenda wapi? Pitisha kamba baada ya mstari wa 3. Pitisha nyingine, ikatize baada ya mche wa 3. Sasa kuna vipande vinne: kimoja cha miche 9, kimoja cha 16, na viwili vya miche 12 kila kimoja. Hivyo viwili ndivyo mwanafunzi alivyoviruka.

Kwenye kuzidisha, kipeo huingia mabanoni bila taabu. Kwenye kujumlisha, hakiingii. Narudia: kwenye kujumlisha, hakiingii.

Mzazi, jioni ya leo mpe mtoto maharagwe 49 ayapange mezani, kisha ajaribu na 2 kujumlisha 5.