Picha Mbaya, Runinga Nzima: Kagua Waya Kabla ya Kutoa Pesa

Mazungumzo kwa wakazi wa mitaa ya Eastlands



Mazungumzo ya leo yanahusu jambo linalozigharimu familia nyingi pesa bila sababu: picha mbaya kwenye runinga. Picha imefifia, au imepoteza rangi, au inakwama katikati ya taarifa ya habari ya saa moja jioni. Mwenye runinga anaamua kwamba imekufa. Inauzwa kwa bei ya kutupa kwa wanunuzi wa vyuma wanaopita mlangoni, nyingine inachukuliwa kwa malipo ya polepole, na ikifika nyumbani inaunganishwa kwa waya ule ule wa zamani. Picha inabaki vile vile, na deni limeongezeka.

Runinga si anasa tu. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, Taasisi ya Kukuza Mitaala ya Kenya, KICD, ilipeperusha masomo kupitia redio na runinga. Mtoto aliyekuwa mbele ya picha yenye ukungu hakuweza kusoma maandishi yaliyokuwa kwenye skrini. Mvua kubwa ya Aprili 2024 ilipofurika Mathare na kwingineko, tahadhari nyingi zilifika nyumbani kwa njia hiyo hiyo.

Kwa hivyo ujumbe wa leo ni mmoja: kabla ya kutoa hata shilingi, jua kasoro iko wapi.

SAFARI YA PICHA INA HATUA TATU

Hatua ya kwanza ni kutoka kwa antena au dishi hadi kwenye king'amuzi. Ya pili ni kutoka kwa king'amuzi hadi kwenye runinga. Ya tatu ni runinga yenyewe.

Mitambo ya analogi ilipozimwa Nairobi mnamo Februari 2015, dalili za kasoro zilibadilika. Zamani mawimbi yakiwa hafifu, picha ilijaa chengachenga lakini iliendelea kuonekana. Katika mfumo wa dijitali, mawimbi hafifu hufanya picha ikwame, ikatike vipande vya mraba au ipotee kabisa. Hayaleti ukungu wala hayaondoi rangi. Kwa hivyo, anayepanda juu ya paa kugeuza antena kwa sababu picha imefifia anatafuta mahali pasipo na tatizo.

JARIBIO LA DAKIKA MOJA

Chukua rimoti ya king'amuzi na ufungue menyu. Tazama maandishi ya menyu hiyo, si picha ya stesheni. Menyu hutengenezwa na king'amuzi chenyewe. Haitoki kwa antena.

Menyu ikiwa safi na maandishi yake yakisomeka vizuri, lakini stesheni zinakwama, kasoro iko upande wa antena, dishi au mawimbi. Usiguse waya wa runinga.

Menyu nayo ikiwa na ukungu, mistari au haina rangi, antena haina hatia. Kasoro iko kwenye king'amuzi, kwenye waya, kwenye mipangilio au kwenye runinga.

Sasa bonyeza rimoti ya runinga ili uone menyu ya runinga. Hiyo nayo ikiwa na madoa au mistari, runinga yenyewe ndiyo mgonjwa. Ikiwa safi, basi anza kushuku kile kilicho kati yake na king'amuzi.

MAKOSA YA KAWAIDA KATI YA KING'AMUZI NA RUNINGA

Kosa la kwanza ni waya wa rangi tatu kwenye runinga mpya. Ving'amuzi vingi vilivyonunuliwa wakati wa kuhamia dijitali vilikuja na waya wa AV wenye plagi za manjano, nyeupe na nyekundu, kwa sababu nyumba nyingi zilikuwa na runinga za zamani zenye mgongo mkubwa. Miaka imepita, familia imenunua runinga bapa, lakini waya ni ule ule. Plagi ya manjano hubeba picha ya mistari isiyozidi 576. Runinga bapa huivuta picha hiyo ijaze skrini kubwa, na matokeo yake ni ukungu.

Dawa ni waya wa HDMI, ikiwa king'amuzi kina tundu lake. Waya huo hubeba picha ya mistari 720 au 1080, pamoja na sauti. Usishawishiwe kununua wa bei ghali. Kwa umbali wa mita moja au mbili, waya wa kawaida ulio mzima hufikisha picha ile ile. Ukiwa mbovu utajitambulisha wenyewe: vimetameta vyeupe vitaruka kwenye skrini, au picha itazima na kuwaka.

Kosa la pili ni picha nyeusi na nyeupe. Hutokea kwa waya wa AV, na mara nyingi huwa ni jambo dogo. Runinga nyingi bapa zina tundu moja la kijani linalopokea pia plagi ya manjano. Ikiwa runinga imewekwa kwenye 'Component' badala ya 'AV', rangi hupotea. Bonyeza 'Source' au 'Input' kwenye rimoti na uchague 'AV'. Rangi isiporudi, fungua mipangilio ya king'amuzi na uhakikishe kwamba mfumo wa rangi ni PAL, unaotumika Kenya, wala si NTSC.

Runinga nyingine hupokea AV kupitia tundu dogo la duara, mfano wa tundu la spika za masikioni. Nyaya zake hazifanani zote: kuna zinazopitisha picha kwenye plagi nyekundu badala ya ya manjano. Ukisikia mngurumo kwenye spika na picha haionekani, badilisha plagi moja moja kabla ya kuitupa.

Kosa la tatu ni mistari inayotambaa au picha inayotetemeka. Zima umeme, chomoa kila plagi, ipanguse kwa kitambaa kikavu, kisha uirudishe hadi mwisho. Vumbi na kutu kwenye plagi za AV huharibu picha. Mistari ikibaki, angalia adapta ya king'amuzi. Adapta iliyochoka huleta mistari, na wakati mwingine king'amuzi hujizima na kujiwasha. Ukipata nyingine, hakikisha namba za volti zimelingana na zilizoandikwa kwenye king'amuzi, na ampea zisiwe chini.

Jambo la nne ni sura ya picha. Watu wakionekana wanene na wafupi, picha ya umbo la 4:3 imevutwa kwenye skrini ya 16:9. Mandishi ya chini yakikatika, picha imekuzwa kupita kingo. Yote mawili hurekebishwa kwenye mipangilio ya umbo la picha, bila fundi na bila malipo.

La tano ni skrini tupu yenye maneno 'No Signal'. Mara nyingi runinga inasikiliza tundu lisilo na kitu: waya uko HDMI 2 lakini runinga iko HDMI 1. Ikiwa skrini ilizima baada ya mtoto kuchezea mipangilio, huenda king'amuzi kinatoa picha ya kiwango ambacho runinga haikubali. Unganisha kwa waya wa AV, rudisha kiwango hadi 720, kisha urudi kwenye HDMI.

La mwisho ni joto. Nyumba nyingi za Eastlands hupamba sebule kwa vitambaa vya kufuma, na king'amuzi hakiachwi nje. Matundu ya hewa yakizibwa, kifaa hupata joto na picha huanza kukwama baada ya saa moja au mbili. Pamba meza, lakini acha king'amuzi kipumue.

TATIZO LIKIWA LA ANTENA

Mitambo inayorushia Nairobi matangazo ya runinga iko Limuru, kaskazini magharibi mwa jiji. Antena ya Eastlands inayotazama Athi River imeyapa mawimbi kisogo. Katika mitaa yenye ghorofa zilizobanana, kama Pipeline na Tassia, jengo la jirani linaweza kuyaziba. Fungua ukurasa wa mawimbi kwenye king'amuzi, geuza antena polepole, na utazame kipimo cha ubora, si cha nguvu peke yake. Kagua pia waya wa antena: maji ya mvua yakiingia kwenye kiungio, mawimbi hupotea.

Runinga nyingi bapa zinazouzwa sasa zina king'amuzi ndani. Tafuta alama ya DVB-T2. Ikiwepo, antena ya kawaida huchomekwa moja kwa moja kwenye runinga na stesheni za bure huonekana, bila kifaa kingine na bila waya wa katikati.

USALAMA KWANZA

Usifungue mgongo wa runinga. Runinga za zamani zenye mgongo mkubwa huhifadhi umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Usisimamishe mlingoti wa antena karibu na nyaya za umeme. Ukiangukia nyaya hizo unaweza kuua aliyeushika. Usipande paa wakati wa mvua au radi. Umeme ukipanda na kushuka nyumbani, au waya ukining'inia nje, usijaribu kuurekebisha. Piga ripoti kwa Kenya Power kupitia nambari 97771.

UKIMWITA FUNDI

Mweleze matokeo ya jaribio la menyu. Mteja anayesema "menyu ni safi lakini stesheni zinakwama" ni vigumu kuuziwa skrini mpya. Mwombe ajaribu kwanza kwa waya mwingine, au uazime runinga ya jirani kwa dakika tano: picha ikiwa nzuri kule, king'amuzi ni kizima. Afikiane nawe bei kabla ya kufungua chochote, na arudishe kipuri kilichotolewa. Weka risiti. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inampa mnunuzi haki, lakini dai bila risiti ni gumu kuthibitisha. Tatizo likiwa la kampuni ya king'amuzi, lalamika kwao kwanza na uhifadhi nambari ya lalamiko; wasipokusaidia, peleka lalamiko kwa Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

IKIWA KWELI IMEKUFA

Kioo cha runinga za zamani kina madini ya risasi, ambayo ni sumu, hasa kwa watoto. Taka za Nairobi zimekuwa zikimwagwa Dandora tangu miaka ya 1970, na runinga inayovunjwa au kuchomwa huko huwafikia wakazi wa karibu kupitia moshi na maji. Usiivunje, usiichome kutafuta shaba, wala usiiweke pamoja na maganda ya jikoni. Ipeleke kwa wanaokusanya taka za kielektroniki.

Lakini nyingi hazijafa. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Jioni ya leo, kabla ya habari, fungua menyu ya king'amuzi na uisome. Huenda kinachohitajika ni plagi kusukumwa hadi mwisho.