Je, Kweli Twatafuta Jina?
(Mazungumzo kwa wazee wa Kanisa na wanakwaya katika juma la maadhimisho ya miaka mia moja ya usharika)



Kamati ya Maadhimisho iliniomba nizungumze juu ya uimbaji. Nitafanya hivyo, ila kwa njia ya kuzunguka kidogo, kwa sababu ipo hoja iliyotushinda katika vikao viwili: je, jiwe la kumbukumbu litakalowekwa ukutani liandikwe majina ya wachangiaji, na kama ndiyo, kwa utaratibu upi? Katika vikao hivyo kila aliyesimama alianza kwa kusema kwamba yeye binafsi hatafuti jina. Nami nilisema hivyo. Kisha rasimu ya orodha ikazungushwa, na kabla sijavaa miwani vizuri nilikuwa nimekwisha kulitafuta jina langu. Nikaliona. Nikatafuta la marehemu baba yangu, nisilione, nikaghadhibika hata nikashindwa kufuatilia ajenda iliyofuata.

Kwa hiyo sisemi kama mtu aliyepona ugonjwa huu.

Tulizaliwa katika Kanisa linaloitwa kwa jina la mtu aliyeomba lisiitwe hivyo. Mwaka 1522 Martin Luther aliwasihi wafuasi wake kwa maandishi wasijiite Walutheri bali Wakristo, kwa kuwa mafundisho hayakuwa yake wala yeye hakusulubiwa kwa ajili ya mtu yeyote. Hatukumsikiliza. Jina lake limo katika mhuri wa usharika, nami sioni kama kuna anayekusudia kuuchonga upya.

Sasa nije kwa wanakwaya. Johann Sebastian Bach alisimamia muziki wa makanisa makuu ya Leipzig tangu mwaka 1723 hadi alipofariki mwaka 1750. Ni mji ule ule ambao baadaye ulikuwa makao ya chama cha misheni kilichotuma wajumbe wake hapa Kilimanjaro mwaka 1893. Mwishoni mwa nakala nyingi za muziki wake wa ibada aliandika herufi tatu, S.D.G., kifupisho cha maneno ya Kilatini yenye maana kwamba utukufu ni wa Mungu peke yake. Walimu wa kwaya hupenda kulisimulia jambo hili kisha wakaishia hapo. Naomba tuendelee, maana yaliyobaki ndiyo yanayotuhusu.

Mwaka 1730 mtu huyo huyo alimwandikia rafiki yake Georg Erdmann barua ya manung'uniko. Maisha ya Leipzig ni ghali, alisema, na wakubwa wa mji hawaujali muziki. Mapato yake yalifika kama thaler 700 kwa mwaka, lakini sehemu yake ilitegemea ada za mazishi. Hali ya hewa ikiwa nzuri, watu hawafi kwa wingi, naye hupungukiwa. Mwaka uliotangulia alikuwa amepoteza zaidi ya thaler 100 kwa sababu hiyo. (Naona mtunza hazina wetu anacheka, na acheke, hesabu hizo anazifahamu.) Mwaka 1733 akampelekea mtawala wa Saxony sehemu mbili za misa, akiomba cheo katika jumba lake. Alikipata mwaka 1736.

Je, alikuwa mnafiki? Sidhani. Alizaa watoto 20 kwa wake wawili, na 10 tu ndio waliofikia utu uzima. Fedha aliyoililia ilikuwa ya chakula na ada ya shule. Cheo alikitaka ili wakubwa wa Leipzig wasiendelee kumdharau. Ukimwuliza mtu kama huyo kama anataka utajiri na umaarufu, atakuambia hapana, naye atakuwa anasema kweli, ingawa barua zake hizi zinaomba fedha na cheo.

Umaarufu wenyewe ulichelewa. Alizikwa pasipo alama juu ya kaburi. Mjane wake, Anna Magdalena, alifariki mwaka 1760 akiishi kwa misaada ya maskini, katika mji ule ule ambao mumewe aliutumikia miaka 27. Mateso ya Kristo kwa Mathayo yalisubiri hadi mwaka 1829, Mendelssohn alipoyaongoza Berlin, ndipo watu wakashangaa. Leo jina la Bach linajulikana duniani kote, na halikumpatia Anna Magdalena hata kilo moja ya unga.

Narudi kwa baba yangu. Nimejiuliza mara nyingi juma hili kilichoniuma ni nini. Hakutoa fedha nyingi. Alichota maji na kupandisha mchanga wakati jengo hili linajengwa. Wala sikutaka wageni wa Jumapili wasome jina lake, kwani hawamjui. Kilichoniuma ni kwamba orodha ile iliandikwa na watu waliokula naye. Kujulikana na wasiokujua, wengi wetu tunaweza kuishi bila hilo. Kusahauliwa na wenzako waliobeba nawe mzigo mmoja, sijaona aliyeweza.

Basi pendekezo langu ni hili. Michango ya fedha ibaki katika vitabu vya hesabu, na mtunza hazina aisome yote mbele ya mkutano mkuu, kama anavyopaswa. Juu ya jiwe pasiandikwe kiasi cha fedha hata kimoja. Yaandikwe majina ya waliobeba mawe, mchanga na maji, kwa kadiri tutakavyoweza kuyakusanya. Wengi wametangulia mbele za haki. Lakini bibi mmoja aliyebeba mawe kutoka mtoni akiwa msichana ameketi hapa leo, safu ya tatu upande wa akina mama, na anawakumbuka wenzake wote kwa majina ya ubatizo na ya koo zao. Namwomba katibu aende na daftari akaketi naye, kabla hajapata mtu wa kumrudisha nyumbani.