Haki Yaanzia Mkutanoni



Mjane wa Injili ya Luka alimshinda hakimu dhalimu kwa kurudi tena na tena. Lakini sisi wa Izigo, tukisikia rweya inagawiwa, hunung'unika vilabuni na kumngoja Mbunge.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 yaikataza Halmashauri ya Kijiji kugawa ardhi bila kibali cha Mkutano Mkuu wa Kijiji. Mkutano huo ni wa kila mkazi aliyetimiza miaka 18, nao yapasa uitishwe kila miezi mitatu.

Basi tuhudhurie, wake kwa waume. Hoja yetu iandikwe katika muhtasari, nasi tuombe nakala. Wajumbe tuliowachagua waipeleke kwa Diwani, katika Kamati ya Maendeleo ya Kata, kisha kwa Mkurugenzi wa Wilaya huko Muleba, kwa heshima na kwa maandishi, wakiuliza siku ya kujibiwa. Wasipojibiwa, warudi.

Ndugu zangu, anayebaki nyumbani siku ya mkutano, kimya chake huhesabiwa kuwa ameridhia.

Mungu awabariki.