Gari Kuukuu la Mkulima: Tulitunze Vipi Lidumu?

Leo sitazungumza nanyi juu ya mbegu wala mbolea. Nataka tuzungumze juu ya chombo kinachobeba hiyo mbegu na hiyo mbolea, na baadaye kikapeleka mazao sokoni. Nina maana ya gari. Na si gari jipya la dukani, la hasha. Nazungumzia lile gari kuukuu, pikapu ya tani moja au Land Rover, lililokwisha pita mikononi mwa watu watatu au wanne kabla ya kufika kwako, na mita yake inasoma kilometa 300,000 au 400,000, kama bado inasoma.

Wapo watu wanaosema kwamba gari likifika umri huo ni chuma chakavu. Mimi nasema si lazima iwe hivyo. Land Rover za Series III zilitengenezwa kati ya 1971 na 1985, na mpaka leo zipo zinazokwenda shamba kila siku. Kilometa peke yake haziui gari. Kinachoua gari ni kasoro ndogo inayoachwa mpaka kesho, na kesho ikawa mwezi ujao. Hilo ndilo neno langu la leo, nami nalisema kwa sababu nimelilipia.

Wanaoifahamu barabara ya kutoka Mombo kwenda Lushoto wanajua ilivyo. Ni kilometa 33 hivi tu, lakini unapanda karibu mita 1,000, kona baada ya kona. Mimi ni mkulima wa kabeji na karoti huko milimani, na pikapu yangu ya dizeli ilikuwa ikishuka na mboga na kupanda na mbolea. Mwaka mmoja mpira wa chini wa rejeta ulianza kuvuja. Tone moja moja tu. Nikawa kila asubuhi naongeza maji, nawasha, nakwenda. Fundi aliniambia, "Mzee wangu, badilisha huo mpira." Nikamjibu, "Tukishauza kabeji." Basi siku moja napanda na mifuko ya mbolea, kabla sijafika Soni, mshale wa joto ukapanda. Nikajiambia, bado kidogo tu, nitasimama Soni. Sikufika. Mvuke ulijaa mpaka sioni mbele. Na hapo nikafanya kosa la pili: nilichota maji baridi ya mtoni nikayamwaga kwenye injini iliyokuwa ikitokota. Silinda hedi ikapasuka.

Gari lilikaa chini wiki tano. Kabeji zilikuwa tayari, wenye magari ya kukodi wakanipangia bei waliyotaka, na sehemu ya kabeji ikaozea shambani. Hedi niliinunua kwa kuuza mtamba. Mpira ule, ndugu zangu, ningeupata kwa bei ya kuku mmoja. Hesabu hiyo ndiyo iliyonifundisha. Sasa tuziangalie kasoro zenyewe moja moja.

Kwanza, maji. Kila asubuhi, injini ikiwa baridi, fungua mfuniko wa rejeta utazame. Maji yakipungua kila siku, usiongeze tu ukaenda zako. Uliza yanakwenda wapi. Angalia chini ya gari, shika mipira yote kwa mkono. Mpira uliolainika kama ndizi mbivu, au wenye nyufa, umekwisha kazi. Usitie maji ya mtoni yenye udongo, kwa sababu yanaziba vijia vya rejeta, na maji matupu huleta kutu ndani ya injini. Tia kulanti iliyochanganywa na maji safi kama ilivyoandikwa kwenye kopo, na kama hukuipata, maji safi ya mvua ni afadhali kuliko ya mto.

Hapa pana jambo moja la mafundi wetu. Gari likichemsha, wengine hukimbilia kutoa themostati na kuitupa. Tafadhali usikubali. Themostati kazi yake ni kuiacha injini ifikie joto linalofaa, kisha kuyafungulia maji yaende kwenye rejeta. Ukiitoa, injini inafanya kazi ikiwa baridi, inakula mafuta zaidi na inalika upesi. Na ile sababu iliyolifanya gari lichemshe ungali nayo. Iliyoharibika ibadilishwe, haifai kutupwa bila kuweka nyingine.

Na gari likichemsha njiani? Simama mara moja. Usiseme bado kidogo. Zima, na usiguse mfuniko wa rejeta, kwani maji yale yatakuunguza uso. Ngoja nusu saa au zaidi mpaka injini ipoe. Kisha fungua mfuniko polepole kwa kitambaa, washa injini, na utie maji kidogo kidogo. Mbolea itangoja.

Pili, oili na vumbi. Injini iliyozeeka hula oili kidogo, na hiyo si aibu. Aibu ni kuiacha ikauke. Kwa hiyo usingoje taa nyekundu iwake. Chomoa kijiti cha oili kila asubuhi gari likiwa mahali pa tambarare. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, wala usiwashe tena mpaka fundi atazame. Badilisha oili na chujio lake kila kilometa 5,000, au mapema zaidi kama njia zako ni za vumbi na mizigo mizito. Oili chafu usiimwage shambani wala mferejini. Itie kwenye dumu uipeleke gereji.

Vumbi nalo ni msasa. Likipita chujio la hewa, linasugua silinda usiku na mchana. Wakati wa kiangazi fungua chujio kila wiki. Kama ni la karatasi, ligongegonge taratibu, na likishachakaa nunua jingine. Usiliondoe eti gari lipate nguvu. Kwa magari ya dizeli, fungua pia kile kizibo cha chini ya chujio la mafuta, umwage maji yaliyojikusanya, hasa wewe unayenunua dizeli ya kwenye pipa. Maji yakifika kwenye pampu na nozeli, gharama yake utaiona.

Moshi nao unasema, ukijua kuusikiliza. Moshi mweusi: dizeli ni nyingi kuliko hewa, basi anza kutazama chujio la hewa. Moshi wa bluu: injini inaunguza oili. Moshi mweupe mzito usiokwisha hata injini ikishapata moto, na maji yanapungua: huenda gasketi ya hedi inapitisha maji. Huo wa mwisho usiulaze.

Tatu, mkanda wa ndani ya injini, ule unaozungusha kemshafti. Injini nyingine hazina mkanda, zina mnyororo, kama zile za Land Rover nilizozitaja. Lakini injini za dizeli za Toyota za 2L na 3L, zilizokuja na Hilux nyingi za miaka ya 1980 na 1990, zina mkanda, nao hubadilishwa kila kilometa 100,000. Ipo taa kwenye dashibodi inayowaka kilometa hizo zikitimia. Sasa wewe uliyenunua gari la mkono wa nne, utajuaje mkanda ulibadilishwa lini? Hutajua. Muuzaji atakuambia amebadilisha juzi. Mimi nakushauri ubadilishe siku unapolinunua, halafu uandike tarehe na kilometa. Mkanda hauvuji wala haupigi kelele kabla ya kukatika. Ukikatika, pistoni na valvu zinagongana, na injini iliyokuwa nzima asubuhi jioni inahitaji kufunguliwa.

Nne, breki. Hapa, wenzangu, tusikilizane vizuri, maana mpaka sasa nimezungumza juu ya hasara ya mali. Breki ni roho za watu. Injini ikifa, gari linasimama. Breki zikifa, gari halisimami.

Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali. Ikizama chini, au ikiwa laini kama sponji, usiondoke. Wengine huipampu mara tatu nne mpaka ishike, kisha wanasema ni tabia ya gari. Si tabia, ni ugonjwa. Mafuta ya breki yana desturi ya kufyonza unyevu wa hewa, na yakishafyonza yanachemka upesi kwa joto la mteremko, pedali ikazama. Kwa hiyo yabadilishwe yote kila baada ya miaka miwili. Tia mafuta ya breki yenyewe kutoka kopo lililofungwa. Oili ya injini haifai hapo, kwa sababu inavimbisha mipira ya ndani na kuiharibu, na maji ya sabuni hayafai kabisa.

Na katika kushuka, shuka kwa gia ile ile ambayo ungepandia mlima huo. Acha injini ilizuie gari, breki ziwe za kusaidia. Anayeshuka kutoka Lushoto na tani ya viazi huku mguu wake umelala juu ya breki, atafika chini breki zikinuka, na siku moja hatafika. Kisha usizidishe mzigo. Pikapu ya tani moja ni ya tani moja. Na watu wasikae juu ya magunia, hata kama ni jirani na anaomba kwa heshima. Ni afadhali akununie leo.

Mambo mengine nayapitia upesi. Betri: isafishe vichwa vyake kwa magadi ya jikoni na maji ya moto, na ukiongeza, ongeza maji ya betri, siyo asidi. Grisi: piga mara kwa mara mahali pote penye nipo. Nati za magurudumu: zikaze. Matairi: yatazame kama yana nyufa ubavuni hata kama kashata bado ipo.

Sasa nawaomba mfanye jambo moja ambalo halina gharama. Nunua daftari la shule, liweke ndani ya gari. Andika kilometa, tarehe, ulichobadilisha, na fedha ulizotoa. Baada ya mwaka mmoja, jumlisha. Hapo ndipo utajua kama gari linakulisha au wewe ndiye unayelilisha. Gari kuukuu linaweza kuomba spea kila mwezi na bado likawa rahisi kuliko kukodi, mradi matengenezo ni ya mpira, beringi na pedi. Lakini chesisi ikishaoza kwa kutu au ikapasuka, au usukani hauaminiki na fundi mwaminifu anakuambia hautengenezeki, hapo hakuna hesabu tena. Liweke pembeni, uza spea zake. Ng'ombe mzee naye ana siku yake.

Narudia kwa kifupi. Asubuhi tazama maji, oili, breki na matairi, kazi ya dakika kumi. Badilisha oili kwa wakati wake na mkanda kwa wakati wake. Kasoro ndogo itengeneze ikiwa ndogo. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi niliujenga ukuta huo kwa mtamba wangu, na sipendi nawe umuuze wa kwako.

Pikapu ile ningali nayo. Kesho alfajiri inashuka Mombo na karoti, na mpira wa akiba umo chini ya kiti.