Tunahitaji vijana wanaojua kuchora daraja

Maneno ya komite mbele ya wanachama na vijana, Baraka

Mulituomba tuseme juu ya kazi ya kuchora barabara, madaraja na mifereji: inasomwa wapi, na kama mtu anaweza kuishi kwa kazi hiyo.

Tuanze na maji, kwa sababu huku kwetu daraja ni jambo la maji kwanza. Munakumbuka Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika kule Uvira. Watu walikufa, nyumba zikaenda. Na sisi tuliorudi kutoka Lugufu na Nyarugusu tunajua RN5 wakati wa mvua: inakatika mahali, muhogo unalala njiani, mgonjwa anavushwa mgongoni. Mara mingi pale inapokatika, kazi ilikuwa imeshafanyika. Buze iliwekwa, simenti ikamwagwa, bango likasimamishwa. Bango lingali liko. Buze ilishaenda ziwani.

Kwa nini? Hesabu yake si siri, tuifanye hapa pamoja. Tuchukue kijito ambacho bonde lake linakusanya maji ya kilometa mraba 2. Inakuja mvua kali, milimita 60 kwa saa. Mlima ukiwa na miti, tuseme sehemu 3 katika 10 za mvua ndizo zinashuka mara moja. Muzidishe 0,3 kwa 60 kwa 2, halafu mugawe kwa 3,6. Munapata meta kyubu 10 za maji kila sekunde. Sasa buze moja yenye upana wa meta 1, maji yakikimbia meta 2 kwa sekunde, inapitisha meta kyubu 1 na nusu na kidogo tu. Yanayobaki yanapanda juu ya barabara. Pale ilitakiwa dalo ya meta 2 kwa 2, na maji yakimbie ndani yake meta 2 na nusu kwa sekunde. Halafu tukikata miti kwa makala na mashamba, ile 0,3 inaweza kuwa 0,5, na maji yanafika karibu meta kyubu 17. Hata dalo ile haitoshi tena.

Munaona, mtu aliyesoma anaweza kufanya hesabu hii kwa dakika chache. Ugumu uko kwenye namba za kuingiza. Yule anayekuja kiangazi anaona kijito cha kuruka kwa mguu mmoja, anapiga picha, anarudi na gari lake. Mama anayelima ukingoni angemwonyesha kwenye mwembe maji yalifika wapi mwaka ule. Hakuna aliyemwuliza. Kijana wa hapa angeuliza, kwa sababu mama yule ni shangazi yake.

Sasa masomo. Njia ya kawaida ni humanite za teknike, opsio ya konstriksio, miaka 4, kisha mtihani wa Serikali. Baada ya hapo kuna INBTP kule Kinshasa, kuna Polytechnique ya chuo kikuu cha Lubumbashi, na Goma kuna ULPGL. Katika mfumo wa LMD, lisansi ni miaka 3 na mastere 2. Iko mbali na iko bei, hatuwadanganyi. Kwa asiyeweza kwenda mbali hivyo, INPP iko Bukavu, inafundisha ufundi kwa muda mfupi. Hutoki pale injenia, lakini unatoka na kazi mikononi, na mingi ya watu wanaochora vizuri walianza kwa kushika mwiko.

Tatizo kubwa la watoto wetu si hesabu, ni makaratasi. Aliyemaliza sekondari Tanzania ana cheti cha NECTA. Hapa anahitaji ekivalansi, yaani Serikali ikubali kwa maandishi kwamba cheti chake kinalingana na diploma yetu. Tena jina liliandikwa hivi kambini, vile kwenye cheti, na vingine kwenye kadi ya mpiga kura. Herufi moja inaweza kukulaza nyumbani mwaka mzima. Musingoje masomo yaanze ndipo mutafute.

Halafu Kifaransa. Aliyesoma kwa Kiingereza anajua kokoto na nondo vizuri sana, lakini mwalimu akisema radie, gabio, talu, anapotea. Tuko na walimu wastaafu kati yetu. Jioni mbili kwa juma zinatosha kuanza.

Kazi je? Kuna Office des Routes, kuna OVD kwa barabara za mijini, kuna idara ya barabara za kilimo. Lakini kijana anayeingia Serikalini anaweza kungoja matrikili na mshahara miaka. Kwa maoni yetu asitegemee huko peke yake. Miradi ya mashirika inatafuta watu wa kupima na kusimamia shantie. Sheria namba 17/001 ya 2017 inataka kazi ndogo ambazo makampuni yanagawa zipewe makampuni ya Wakongomani. Vijana 3 wenye diploma na ofisi iliyoandikishwa wanaweza kuomba. Na pa kuanzia karibu zaidi ni komite za kutunza barabara, zile CLER. Mtu aliyezibua mifereji kwa mwaka mmoja anajua maji kuliko aliyeyaona kwenye kompyuta tu.

Kuhusu kompyuta: AutoCAD na Covadis ndizo ofisi zinatumia. QGIS ni ya bure, na inaweza kukuonyesha bonde la kijito. Wasichana pia, tafadhali. Kalamu haina uzito wa mfuko wa simenti.

Tunajua wazee wengine wanasema sanduku letu ni la misiba na magonjwa. Ni kweli, na pesa ya msiba haitaguswa. Tunachoomba ni mchango wa pembeni, wa hiari, kwa vitu viwili: nauli na gharama za ekivalansi kwa wale walio tayari, na nivo moja ya kupimia, itakayokaa kwa katibu na kuazimwa kwa saini. Minervali ya chuo kikuu hatuiwezi kwa sasa, na hatutaahidi.

Kabla ya nivo kufika, mpira mwembamba wa plastiki wenye maji unatosha kujifunza kupima usawa. Mafundi wetu wanautumia kila siku. Jumamosi ijayo asubuhi tutapima kijito cha nyuma ya soko, na kila kijana aje na daftari. Wenye vyeti vya Tanzania walete na kopi, tuangalie majina moja moja.