Mavazi ya Mwendesha Baiskeli katika Majira ya Xintang



Xintang, mji ulioko mashariki ya Guangzhou katika wilaya ya Zengcheng, ni mji wa jinzi. Suruali zishonwazo hapa huvaliwa pembe zote za dunia, na wafanyabiashara wengi wa Afrika Mashariki waliufahamu mji huu kwa marobota kabla ya kuuona kwa macho. Lakini mfinyanzi hulia gaeni: suruali hiyohiyo haifai kwa safari ndefu ya baiskeli, nayo ndiyo wengi huipanda nayo. Jinzi ni pamba nzito. Hunywa jasho na mvua, huchelewa kukauka, na mishono yake minene humchubua mtu pale mwili unapokutana na kiti. Mwendo wa dakika kumi hadi ghalani hauna neno. Mwendo wa saa nzima katika njia za kijani za Zengcheng ni habari nyingine.

Majira ya kuogopwa zaidi ni joto la Mei hadi Septemba. Mchana kipimo hufika nyuzi 33 na kuzidi, na hewa hujaa unyevu. Mtu wa Mombasa au Unguja atasema joto analijua, na ni kweli. Ila kwao upepo wa bahari humsaidia, na hapa baina ya majengo upepo ni haba. Jasho hupoza mwili pale tu linapokauka, na hewa yenye unyevu mwingi hulizuia lisikauke. Kwa hiyo nguo ya baiskeli iwe nyepesi, ya rangi isiyokoza, ya kitambaa chembamba cha michezo kinachopitisha hewa. Mikono mirefu si kosa; ikiwa myembamba hukinga jua. Mgeni aliyefika karibuni ajizoeze kidogo kidogo kwa wiki moja au mbili, apande alfajiri au jioni, na maji yasimtoke mkononi. Mpandaji akianza kuyumba, kuchanganyikiwa au kusema maneno yasiyoeleweka, huo si uchovu. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji, apepewe, na ipigwe simu 120 bila kungoja.

Sasa yaja suala ambalo familia nyingi hulikwepa kwa haya: vazi la stara. Baibui, kanzu na dera havikatazi baiskeli, lakini pindo linaloning'inia huingia katika mnyororo au spoki, na gurudumu hukwama ghafla. Dawa yake ni shati refu linaloishia juu ya magoti pamoja na suruali pana iliyobana kifundoni kwa lastiki, na baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo. Ushungi uwe mwembamba, usio na fundo wala pini chini ya kofia ngumu, na ncha zake zichomekwe ndani ya shati. Masomah Ali Zada, mkimbizi kutoka Afghanistan, alishindana katika Olimpiki ya Tokyo mwaka 2021 akiwa na ushungi chini ya kofia ya namna hiyo. Kofia yenyewe ikae sawa, vidole viwili juu ya nyusi, na ukanda wa kidevu ufungwe barabara. Ikishapata kishindo cha ajali, itupwe hata kama haionyeshi ufa.

Mvua kubwa huja majira hayohayo ya joto. Joho la mvua linalofunika usukani, ambalo huuzwa kila kichochoro, hushika upepo na kuziba taa. Koti fupi la mvua lenye mistari inayong'aa ni bora. Tahadhari ya tufani ikitangazwa, baiskeli ibaki nyumbani. Maji yakifunika barabara mtu asiyapite, kwani shimo lililo chini yake halionekani.

Baridi ya Januari si kali, kwa kawaida nyuzi kumi na kitu, ingawa upepo wa kaskazini huweza kuishusha sana kwa siku chache. Fulana nyembamba, shati juu yake, kizibao cha kuzuia upepo na glavu zatosha. Kinachosumbua zaidi ni ule unyevu wa mwanzo wa machipuko, kuta zinapotoa maji na nguo zikakataa kukauka. Kaptura ya baiskeli yenye pedi huvaliwa bila chupi ndani yake, na hufuliwa kila baada ya safari. Ikivaliwa na unyevu huleta ukungu wa ngozi na majipu. Afadhali kuwa na mbili za bei ya chini kuliko moja ya fahari.

Vijana wanaoanza mashindano ya michezo mitatu, yaani kuogelea kilomita 1.5, baiskeli kilomita 40 na kukimbia kilomita 10, hununua vazi moja la kuvaliwa toka majini hadi mwisho. Vazi nene la mpira la kuogelea wasilikimbilie: maji ya kusini yana joto kwa sehemu kubwa ya mwaka, na kanuni hulikataza maji yakiwa vuguvugu. Fedha hiyo inunue taa ya mbele na ya nyuma.

Kwa wazazi: sheria ya China hairuhusu mtoto aliye chini ya miaka 12 kuendesha baiskeli barabarani, wala aliye chini ya 16 kuendesha baiskeli ya umeme. Mdogo afundishwe uwanjani, na kofia yake ipimwe kwa kichwa cha leo, si cha mwaka ujao.