Oili ya Giaboksi ya Otomatiki na Chujio Lake katika Pikapu za Dizeli za Mbulu na Hanang



Mada niliyopewa naiona kuwa imekuja wakati wake, kwa kuwa pikapu za gia za mkono, ambazo kwa miaka mingi ndizo zilizopanda na kushuka katika nchi hii ya Wairaqw na Wadatoga zikibeba vitunguu saumu vya Bashay, ngano ya Basotu na wagonjwa waendao hospitali ya Haydom, sasa zinapokezana zamu na pikapu za otomatiki, ambazo aghalabu zimekwisha kutumika ughaibuni kabla ya kushushwa katika bandari ya Dar es Salaam, nazo hufika mikononi mwetu bila ya kitabu cha matengenezo wala mtu wa kutueleza zilitunzwaje. Giaboksi ya mkono ikiharibikiwa na oili hulia, na fundi husikia. Ya otomatiki huchakaza oili yake kimya kimya, na siku dalili ya kwanza inapodhihiri, mara nyingi klachi za ndani zimekwisha kuungua. Rai yangu, ambayo yote nitakayoyasema yataitumikia, ni kwamba katika wilaya hizi mbili za Mbulu na Hanang kilomita zisomwazo kwenye dashibodi si kipimo kitoshacho cha kuamua lini oili ibadilishwe. Kipimo cha haki ni joto, na joto huzaliwa na mlima, mzigo na mwendo wa polepole.

Tuitazame nchi yenyewe. Ziwa Manyara liko kiasi cha mita 960 juu ya usawa wa bahari, na mji wa Mbulu uko kiasi cha mita 1,700, kwa hiyo gari litokalo Mbuyu wa Mjerumani na kupita Magara hupandishwa zaidi ya mita 700, na sehemu kubwa ya mwinuko huo imekusanyika katika kipande kifupi chenye kona kali, ambacho pale palipo pabaya zaidi pametandikwa zege. Apandaye kutoka Dareda kwenda Dongobesh hukutana na ukuta wa namna ile ile. Upande wa Hanang, lami itokayo Babati hadi Katesh na kuendelea Singida ni ya huruma zaidi. Walakini gari likiiacha lami hiyo kuelekea Basotu, au kuvisogelea vijiji vilivyo katika miguu ya Mlima Hanang wenyewe, ambao kimo chake kinapita mita 3,400, huingia katika vumbi jembamba wakati wa kiangazi na tope zito wakati wa masika.

Sasa na tuihesabu kazi ya mlima, maana hesabu hii ndiyo roho ya mada. Pikapu yenye uzito wa tani 3 pamoja na shehena yake, ikipandishwa mita 700, hufanyiwa kazi ya kuinuliwa isiyopungua megajuli 20, kabla hata ya kutaja ukinzani wa njia na upepo. Nguvu hiyo yote, gari lisipokuwa limefunga konveta yake, hupitia ndani ya oili. Konveta, ambayo asili yake ni ubunifu wa Mjerumani Hermann Föttinger aliousajili mwaka 1905 kwa ajili ya mitambo ya meli, ni magurudumu ya mapanga yanayotazamana ndani ya oili, moja likizungushwa na injini na kulirushia oili lile jingine lililoungwa na giaboksi. Na tofauti ya mwendo baina ya hayo mawili hugeuka kuwa joto. Ikipotea sehemu moja tu ya kumi ya nguvu ipitayo, megajuli 2 na ushei huingia katika oili kiasi cha lita 10, nazo zingetosha kuipandisha joto kwa zaidi ya nyuzi 100 lau kusingekuwa na kipoozeo. Na kipoozeo chenyewe, ambacho katika pikapu nyingi kimo ndani ya tangi la rejeta, hapa kwetu hufanya kazi kwa taabu zaidi kuliko pwani, kwa kuwa hewa ya Mbulu ni nyepesi kwa kiasi cha asilimia 15 kuliko hewa ya Tanga au Dar es Salaam, na gari litambaalo katika kona za Magara halipati upepo wa mwendo.

Injini ya dizeli nayo haipunguzi taabu hiyo. Toyota Hilux ya otomatiki yenye injini ya 1GD ya lita 2.8, kwa mfano, ilitolewa mwaka 2015 ikiwa na msokoto wa nyutoni-mita 450, na msokoto huo hupatikana katika mizunguko ya chini, mahali hasa ambapo konveta haijafunga. Ni neema kwa dereva aliyebeba magunia, ila oili ndiyo inayoulipia. Katika hali ya kawaida oili hukaa baina ya nyuzi 80 na 95, na kanuni ya jumla ya wanakemia ni kwamba kila nyuzi 10 zinazozidi hapo huyakata maisha yake kwa nusu au karibu na nusu. Basi mtu akiniambia kwamba gari lake limetembea kilomita 30,000 tu, sina la kumjibu mpaka nijue zilikuwa kilomita za wapi.

Kwa sababu hiyo sikubaliani na maneno yasemwayo mara kwa mara kwamba giaboksi fulani imetiwa oili ya maisha. Vitabu vya matengenezo vya watengenezaji wengi, mtu akivisoma hadi kurasa za mwisho, vina sharti la kazi nzito, na katika kazi nzito vimehesabu kuvuta tela, kupanda milima na kutembea katika vumbi, ambayo ndiyo maisha ya kila siku ya gari la Mbulu. Mimi nashauri gari lipandalo Magara au Dareda kila juma libadilishiwe oili na chujio kila kilomita 40,000, na lile ambalo makazi yake ni lami ya Babati na Katesh lisipite 60,000. Na gari lililonunuliwa bila historia lifunguliwe mara moja, hata kama oili yake inaonekana nyekundu na nzuri.

Nasema lifunguliwe, na neno hilo nalikazia, maana wako mafundi ambao hufungua boliti ya chini, wakamwaga kilichotoka, wakajaza, na kuihesabu kazi kuwa imekwisha. Sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, lazima ishushwe. Kwanza gari liwekwe mahali tambarare, magurudumu yazuiwe, na sehemu yote ya chini ya giaboksi ipigwe brashi na kufutwa kabla ya boliti yoyote kuguswa, kwa kuwa vumbi la Basotu likiingia katika bodi ya vali, penye njia nyembamba ambamo vali husogea kwa nafasi ndogo mno, hukaa humo na kukwaruza. Kisha ifunguliwe boliti ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia. Utaratibu huu wengine huuona kuwa ni wa kupoteza wakati, lakini fundi aliyekwisha kumwaga oili ndipo akagundua kwamba boliti ya kujazia imeshika kutu haifunguki, amelifunga gari gerejini kwa mkono wake mwenyewe. Oili itokayo ipokelewe katika chombo chenye alama za lita, ipimwe, na kiasi chake kiandikwe.

Sampo ikishuka, fundi asiikimbize kwenye petroli kuiosha. Aisome. Ndani yake mna sumaku ndogo, na unga laini wa kijivu uliozishika ni uchakavu wa halali ambao haumtishi mtu. Vipande vinavyokwaruza baina ya vidole ni chuma kilichovunjika. Chembe za rangi ya dhahabu, ambazo sumaku haizivuti, zatokana na bushi. Na matope meusi yenye harufu ya kuungua ni utando wa klachi uliobanduka. Oili yenye rangi ya maziwa yaliyotiwa wekundu ina maji, na maji hayo aghalabu yametoka katika rejeta yenyewe, kwa kipoozeo kilichotoboka, wala kubadilisha oili bila ya kubadilisha rejeta hakutafaa kitu. Maji huingia kwa njia nyingine pia: giaboksi ina bomba dogo la kupumulia, na gari lenye joto likizama ghafla katika maji au tope, hewa ya ndani hunywea na kuvuta kilicho nje. Baada ya maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023, yaliyoua watu zaidi ya 80 katika Katesh na vijiji vya jirani, magari yalilazimika kupita mahali ambapo katika siku za salama hakuna dereva ambaye angethubutu kupita. Na gari lolote lililokwisha kuzamishwa hadi fremu kwa kazi kama ile lastahili kukaguliwa bomba hilo na oili yake bila kungoja kilomita.

Juu ya chujio nitakawia kidogo. Liko juu ya sampo, limeshikwa na boliti chache chini ya bodi ya vali, na katika magari mengine ni wavu wa chuma, katika mengine ni kitambaa kizito kilichofungiwa ndani ya ganda. Wavu waweza kuoshwa ikiwa jipya halipatikani. La kitambaa halioshwi, kwa kuwa uchafu ulioingia ndani yake hautoki, na petroli huudhoofisha utando. Shingo ya chujio ina mpira wa mviringo, na hapa ndipo lilipo kosa linalogharimu giaboksi nzima: mpira wa zamani hubaki umenasa katika tundu lake, fundi asiuone, akasukuma chujio jipya na mpira wake mpya juu ya ule wa kale. Chujio halikai sawasawa, pampu hunyonya hewa pamoja na oili, oili hutoa povu, na povu haliwezi kubeba shinikizo la kuzishika klachi. Gari hutoka gerejini likiteleza ilhali liliingia likitembea vizuri, na mwenye gari, kwa haki kabisa, hulaumu matengenezo.

Boliti za sampo ni ndogo, nazo huingia katika aluminiamu. Zikazwe kwa mpangilio wa kuvuka na kwa nguvu ya spana ya kupimia, ambayo katika giaboksi nyingi za Toyota haifiki nyutoni-mita 10. Silikoni ya kubandikia isipakwe kwa wingi juu ya gasketi, maana ile inayominyika ndani hukatika na kwenda kuziba chujio lile lile tulilolibadilisha.

Kuhusu aina ya oili, fundi asikubali jibu la dukani kwamba haidroliki zote ni moja. Dexron III ni nzito zaidi kuliko Toyota WS au Mercon LV ya Ford, na giaboksi iliyotengenezewa oili nyepesi hubadilisha gia kwa kusitasita ikitiwa nzito. Tena General Motors iliacha kutoa leseni za Dexron III mwishoni mwa mwaka 2006, kwa hiyo jina hilo likionekana leo juu ya kopo halina msimamizi wa kulithibitisha, na mnunuzi hubaki na imani yake kwa kiwanda kilichotia oili humo. 

Kiasi cha kurudisha ni kile kilichotoka, na baadaye kipimo kithibitishwe kwa joto. Pikapu za zamani zenye kijiti hupimwa oili ikiwa moto, nyuzi 70 hadi 80, injini ikinguruma katika P, baada ya mkono wa gia kupitishwa taratibu katika kila nafasi. Zile zisizo na kijiti zina tundu la kumwagikia, ambalo hufunguliwa injini ikiwaka na oili ikiwa karibu na nyuzi 40 katika nyingi za Toyota, na joto hilo husomwa kwa mashine, halikisiwi kwa kiganja. Asubuhi za Juni na Julai huko Mbulu ni za baridi kali, na oili baridi imejikunja. Fundi apimaye alfajiri atajaza kupita kiasi.

Oili inayotoka kwa kumwaga ni kama theluthi moja tu au hata nusu, kwa kuwa nyingine imebaki katika konveta. Mimi napendelea kurudia zoezi hili baada ya kilomita 1,000 au 2,000 kuliko kuisukuma yote kwa mashine katika giaboksi iliyopuuzwa miaka mingi. Watu husema kwamba oili mpya huua giaboksi kuukuu, na ukweli ni kwamba klachi iliyokwisha kuliwa ilikuwa ikishikilia kwa msaada wa uchafu wake wenyewe. Mwenye gari aambiwe hivyo kabla ya kazi, na asiahidiwe uponyaji.

Oili chafu isimwagwe katika korongo la nyuma ya gereji, maana mvua huweza kuibeba hadi ziwani. Ziwa Basotu ni la maji baridi, lina wavuvi wake, na mifugo hunywa humo.

Limebaki pendekezo moja. Madaftari ya safari ya magari ya umma yana safu ya kilomita, tarehe na dereva. Naomba iongezwe safu ya njia, ili fundi ahesabu gari limepanda Magara au Dareda mara ngapi tangu sampo iliposhushwa, na mzigo wake ulikuwa nini. Dereva naye, afikapo juu baada ya kupanda kwa L au kwa gia ndogo ya magurudumu manne, asizime injini papo hapo, bali aiache ingurume katika N kwa dakika chache ili pampu iendelee kuipitisha oili katika kipoozeo. Utaratibu huu uanzie katika magari ya otomatiki yabebayo wagonjwa, kwa sababu hayo hupanda usiku, yakiwa yamejaa, kwa haraka ambayo hakuna mtu mwenye haki ya kuizuia, na mara nyingi hugeuzwa kurudi kabla hayajapoa.